Mwaka Tuliotafuta Kishindo

Mwezi uliopita nilirudi mtaa wa Mbotela, Nairobi, kwa matanga ya Mama Adhiambo, jirani aliyekuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima bila kukusudia. Maombi yalipokwisha na watu wakaanza kupitishiwa chai na mkate, nilitoka nje nikaenda kutazama ile sakafu ya saruji ambapo wanawake wa laini yetu ya nyumba walikuwa wakifulia nguo. Ipo bado. Imepasuka katikati, mfereji wa maji ulihamishwa zamani, na mtu ameegesha mkokoteni wa maji juu yake. Binti wa marehemu alinifuata akaniuliza, "Aunty, umepoteza kitu?" Nikamwambia nanyoosha miguu. Ningemwambia nini? Kwamba hapo ndipo mama yake alipotuonyesha kitu ambacho mimi na kaka yangu tulikuwa tumekitafuta karibu mwaka mzima? Mtoto wa watu alikuwa na msiba wake, na sikuwa na haki ya kumpakulia na wangu juu yake. Nilirudi ndani nikanywa chai yangu.

Kazi yangu ni kufundisha udereva. Nimeifanya hadi mvi zimenitawala, na wanafunzi hunicheka kwa sababu gari likipita huku likigonga kwa chini, mimi hunyamaza katikati ya neno nikageuza shingo. Hawajui masikio haya yalifunzwa wapi, nami sijawahi kuwaambia. Yalifunzwa mwaka mmoja wa miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka ishirini, nilipokuja kukaa na kaka yangu Wekesa baada ya mkewe Rosa kufariki. Mambo ya tulikozaliwa na nani alisoma hadi wapi nayaacha kando. Kaka alikuwa na chumba kimoja cha kanjo, yaani cha halmashauri ya jiji, sakafu nyekundu ya kupakwa rangi, pazia la maua lililogawa kitanda chake na kochi nililolalia. Vitambaa alivyofuma Rosa vilikuwa bado migongoni mwa viti, na hakuna aliyethubutu kuvifua visije vikaharibika. Dirishani, mahali ambapo watu wengine huweka redio, palikuwa na vyuma vya gari vilivyopakwa grisi, vimepangwa juu ya gazeti. Chumba kizima kilinuka grisi na mafuta ya taa, na hata ugali wetu, naapa, ulikuwa na ladha ya mbali ya gereji.

Nje kulikuwa na pikapu. Ilikuwa nyeupe hapo zamani, na ndiyo iliyotulisha. Kaka aliamka alfajiri akawabebea akina mama wa Barabara ya Jogoo kabichi na viazi, na mwisho wa mwezi akawahamisha watu: leo kitanda na makabati ya mtu anayehamia mtaa wa Fedha akijisikia tajiri, kesho kitanda hichohicho kikishushwa Kware kwa sababu kodi ya Fedha imemshinda. Aliipenda pikapu ile kiasi cha kutia aibu. Alikuwa akiiambia "lala salama" akidhani simsikii. Kwa hiyo siku ilipoanza kugonga, alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyesikia habari mbaya ya jamaa yake. "Nasimiyu, kuja," aliniita kabla hata ya kuonja uji. "Iko na kitu. Nikipita shimo inafanya ko! Halafu usukani unaenda kushoto na kulia na gari haijali. Ni kama ninaongea na mtu ameshiba." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kutafuta plei kwenye usukani, yaani ule ulegevu ambao unazungusha na magurudumu hayasikii, ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa juu na kutikisa usukani, mwingine hulala chini ya gari na kupapasa. Mimi ndiye niliyewekwa juu. "Usiwashe engine," kaka aliniambia. "Zungusha kidogo tu. Kushoto, kulia. Kama unabembeleza mtoto na hutaki aamke." Akatandika gunia, akajisukuma chini kwa mgongo, nikabaki kuona kandambili zake tu zikichungulia. "Kila mahali chuma imeshikana na chuma nyingine, unaweka kidole katikati," sauti yake ilitoka chini. "Zikitembea pamoja, ziko sawa. Moja ikitangulia mwenzake, hapo ndipo shida iko. Haya, tikisa." Nikatikisa. "Tena." Nikatikisa. "Tena. Wacha." Tulifanya hivyo jioni nyingi sana, baada ya mizigo na kabla ya giza, nami nikaja kupenda saa ile kuliko saa nyingine yoyote ya siku. Hatukuonana usoni, na labda ndiyo maana tulizungumza. Hapo ndipo aliponisimulia jinsi alivyomposa Rosa, na jinsi Rosa alivyokuwa akimwita "Bwana Kabichi" mbele ya wateja. Kama tungekaa mezani tukitazamana hangeweza kuyasema hayo.

Jioni moja alipapasa upande wote wa mbele akatoka akijipangusa. "Hakuna kitu. Viungo vyote viko fiti." Kesho yake tulikwenda kwa Fundi Mutua, Mkamba mmoja mwembamba mwenye gereji ya wazi huko Kware, wakati ghorofa za pale zilikuwa ndio zinaanza kuota. Mutua alimsalimu, "Niaje, Weke," akaingia chini, akashika tairodi ya kulia, ule mkono unaovuta gurudumu, akacheka. "Wewe! Hii imekwisha kabisa. Hata nyanya yangu angeisikia na glavu." Kaka naye akacheka, akasema labda ilikuwa grisi nyingi. Lakini mimi nilimwona akitazama vidole vyake. Alivisugua kwa gumba kimoja kimoja, taratibu, mtu anavyosugua sarafu akitaka kujua kama ni halali. Usiku ule, nikiwa nyuma ya pazia, nilisikia akipiga kiberiti mara kadhaa, na asubuhi nikaona lengelenge kwenye kidole chake cha shahada. Alikuwa amekijaribu kwenye moto na hakuhisi.

Leo nalitamka bila kumung'unya: ulikuwa ukimwi. Ulimchukua Rosa na ulikuwa unamchukua yeye, na miaka ile hapakuwa na vidonge kwa watu wa Mbotela. Wakati ule hakuna aliyelitaja. Kwenye mfereji nilisikia wanawake wakisema, "Ni kifua," na mwingine akajibu, "Kifua gani cha kumaliza makalio?" kisha wakaniona na wote wakaanza kuulizana bei ya sukuma wiki. Kanisani waliomba "kwa ajili ya ndugu yetu anayepitia majaribu." Mwuguzi wa zahanati alimwambia ile ganzi ya miguu na vidole ingeendelea kupanda, akampa vidonge vya vitamini, akaangalia mlango ili mgonjwa mwingine aingie. Kaka alikuwa mtu wa mzaha hata hapo. "Gari ikigonga watu wanafungua boneti," aliniambia. "Mimi nikikohoa wanafunga mlango." Kuna watu wa kanisa langu la sasa ambao nikiwasimulia haya hukimbilia kunifananishia gari na mwili wa binadamu, kwamba yote mawili yalilegea, kwamba Mungu alikuwa akitufundisha. Siwapendi wakifanya hivyo. Gari lilikuwa gari. Ndugu yangu alikuwa ndugu yangu.

Alichotaka alinieleza mara moja tu, tukila omena, na alieleza bila kuinua macho kwenye sahani. Rosa alipokufa walimpeleka kwao Bungoma kwa lori la kukodi. Jeneza lilifungwa kamba pamoja na magodoro ya waombolezaji, na kila bonde kaka alisikia likisogea nyuma yake. Watu wetu wanajua kwamba maiti akichukizwa na safari, gari husimama. Kwa hiyo lori lilipozima pale kwenye mlima, wazee walishuka wakaanza kumbembeleza Rosa kwa majina yote. Kaka alisimama kando akijua kabisa kwamba ni dizeli imeingia maji. "Mimi sitaki kubebwa, Nasi," aliniambia. "Sitaki kubembelezwa kwa barabara. Nitaenda nyumbani nikiendesha. Mama anione nikiingia kwa boma nimeshika usukani, nipige honi, watoto wakimbie. Halafu hayo mengine yafuate." Nikamwambia basi twende kesho. Akatikisa kichwa. "Na hii plei? Pale mlima wa Timboroa malori yanashuka kama yametumwa. Mtu ana miguu yake mizuri anaweza kucheza na usukani mbovu. Mimi nitahitaji moja kati ya hizo mbili iwe sawa." Tangu siku hiyo nikaacha kuichukulia pikapu kama mchezo. Kile kishindo ndicho kilichosimama kati ya kaka yangu na mlango wa mama yetu, na hatukujua kilikuwa wapi.

Tukabadilishana nafasi. Yeye akakaa juu, mimi nikavaa suruali yake kuukuu na kulala juu ya gunia. Aibu niliyokuwa nayo mwanzoni! Wavulana wa mtaa walipita wakipiga mbinja: "Sista fundi! Hiyo ndai imekuzalia watoto wangapi huko chini?" Kaka aliwatukana kutoka juu, nami nikawajibu kutoka chini, na baada ya wiki chache walizoea. Nilijifunza kuweka kidole nusu huku nusu kule. Nilijifunza kwamba bushi, ile raba ya kati ya vyuma, ikiliwa hutoa mlio mzito, na boljointi, kile kiungo cha mviringo, ikiharibika hutoa mlio mkavu. "Unasikia nini?" aliuliza kutoka juu. "Hapa iko sawa." "Songa mbele. Sasa?" "Sawa." "Usiniambie sawa kunifurahisha." "Wekesa, iko sawa!" Nilikuwa mikono yake sasa, na aliniuliza kama mtu anayeuliza mikono yake mwenyewe, bila adabu wala asante. Sikumlaumu. Wakati mwingine alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikafikiri amelala, kumbe alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani akipumua.

Kwa Mutua tulibadilisha tairodi, kishindo kikabaki. Tukabadilisha mkono wa upande wa pili na bushi zake, kishindo kikabaki. Tukafungua shoki, zile zinazomeza mitikisiko, tukazikaza, kikabaki, tena nadhani kiliongezeka kwa dharau. Mutua hakuwa fundi mbaya, na sitaki mtu amfikirie hivyo. Lakini gereji yake ilikuwa juu ya ule udongo mweusi wa Embakasi, unaopasuka na kumomonyoka kiangazi na kumeza viatu masika, na hakuna mtu anayeweza kulala chini ya gari pale likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Kwa hiyo Mutua aliinua kila gari kwa jeki, akaweka mawe, ndipo aanze kulisalimu. Sisi nasi nyumbani tulikuwa tumejifunza kwake, na kiwanja chetu kilikuwa udongo uleule. Jeki kwanza. Magurudumu yananing'inia, usukani unazunguka mwepesi, kila kitu kimetulia kwa adabu. "Inanicheza," Mutua alisema, akikuna ndevu. "Hapa inanyamaza. Ikifika tu kwa lami, inaanza tena kelele." Aliyasema hayo kwa kinywa chake, nasi tukayasikia kwa masikio yetu, na hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyeyatilia maanani. Kwa wiki nzima kaka alikuwa na homa, na tulikaa bila kuigusa.

Katikati ya hayo alinifundisha kuendesha. Alisema ni ili nimsaidie kupeleka kabichi siku ambazo kifua kimekaza, nami nikajifanya ninaamini. Tulikwenda Jumapili mchana kwenye uwanja mtupu karibu na Fedha. Alikuwa mwalimu mkali asiye na subira, na mengi ninayowaambia wanafunzi wangu leo ni maneno yake niliyoyaondolea matusi. "Usiangalie mguu! Mguu unajua kazi yake," alinifokea, kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameanza kutazama miguu yake akiendesha. Nilimwona. Alikuwa akitupa jicho chini kila alipotaka breki, haraka, kama mtu anayechungulia saa kanisani. Nilifeli mtihani wa kwanza kwa kupanda ukingo wa barabara. Wa pili nikapita. Jioni hiyo alininunulia chipsi na soseji, akaketi kunitazama nikila, yeye akinywa chai ya rangi kwa sababu kinywa chake kilikuwa na vidonda. "Sasa nimelala," alisema, maana yake amepumzika moyo.

Siku ya sakafu ilikuwa Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kiwanja chetu kimekuwa uji, na pikapu ikawa inateleza kila nilipojaribu kuigeuza. Kaka akanielekeza niisogeze juu ya ile sakafu ya kufulia ili isizame. Wanawake walikuwa wamejaa pale na mabeseni yao, na Mama Adhiambo ndiye aliyepaza sauti: "Yaani hata Jumamosi mnatuletea gari kwa nguo? Wekesa, nyinyi watu wa Bungoma mna mambo!" Lakini alisogeza beseni lake, kwa sababu alikuwa ameona kaka alivyokonda, na maneno yake mengi yalikuwa ya mdomoni tu. Kaka alikuwa amekaa upande wa abiria. Aliniambia ninyooshe magurudumu. Gari limesimama, engine imezimwa, uzito wote uko chini, na saruji haikubali tairi kuteleza. Ilibidi niuvute usukani kwa nguvu. Ko! Ikagonga. Nikarudisha upande mwingine. Ko! "Ngoja!" Mama Adhiambo alipiga kelele. Alikuwa amechutama na shati mkononi, macho yake sawa na bampa. "Rudisha tena. We Nasimiyu, rudisha! Kuna kitu hapo ndani kinaruka. Kimekaa kama jino la mtoto."

Niliruka chini na kulala kwenye maji ya sabuni bila hata gunia. Kaka alijivuta upande wa usukani akatikisa. Na hapo nikaiona, sikuhitaji hata kidole. Boksi lenyewe la stelingi, lile linalobeba usukani wote na ambalo halitakiwi kusogea hata chembe, lilikuwa likihama na kurudi, kwa sababu chuma cha chasisi kilichofungiwa boliti zake kilikuwa kimepasuka, ufa mrefu mweusi uliojaa uchafu. Gari likiwa kwenye jeki halikuwa na sababu ya kuhama. Likiwa kwenye matope, tairi ziliteleza na kulisamehe. Lilihitaji ardhi ngumu. "Ni chasisi!" nilimpigia kelele. "Wekesa, imepasuka chasisi, boksi linatembea!" Usukani ulinyamaza. Nilisikia juu yangu sauti ambayo sikuitambua mara moja, nikafikiri anakohoa. Alikuwa akilia kwa furaha. Mama Adhiambo naye akaanza kupiga vigelegele bila kujua ni vya nini hasa, na wale wengine wakamfuata, huku mapovu yakitiririka hadi masikioni mwangu. Mutua alipokuja na mtambo wa kuchomelea siku ya Jumatatu, aliutazama ule ufa akatingisha kichwa. "Udongo wangu umenidanganya mwaka mzima," alisema. Alichomelea bamba nene juu ya ufa, akakaza boliti mpya, nasi tukaijaribu Barabara ya Jogoo hadi mzunguko wa pili. Ilipita mashimo kimya. Kaka alikuwa amefumba macho akisikiliza.

Tuliondoka wiki ileile, kwa sababu hapakuwa na wiki za kuchezea. Yeye ndiye aliyeitoa Mbotela, akipunga mkono kwa majirani. Alifika mbali kidogo kupita Limuru. Pale barabara inapoanza kuinuka alitaka breki akakanyaga mafuta, pikapu ikarukia lori la mbele yetu, nami nikavuta breki ya mkono na kuusukuma usukani kando. Tulisimama kwenye nyasi. Hakuna aliyeumia. Alitazama miguu yake kwa muda mrefu. "Haiko," alisema. "Iko pale lakini haiko." Tukabadilishana viti, akageukia dirisha. Niliendesha mimi siku nzima. Ndiyo safari ndefu ya kwanza maishani mwangu, na Timboroa malori yalishuka kweli kama alivyosema. Usukani ulinitii kila kona. Ningetaka kusema nilifurahi. Nilikuwa na huzuni, kwa sababu nilijua kila kilomita ninayoendesha mimi ni kilomita anayoibiwa yeye.

Tulipoacha lami upande wa Chwele, karibu na nyumbani, aliniambia, "Simama. Nipe gari." Sikubishana. Nilimvua viatu ili aione miguu yake vizuri. Niliinama nikauweka wa kushoto juu ya klachi na wa kulia kando ya mafuta, kisha nikakaa karibu naye mkono wangu ukiwa juu ya goti lake. Nilipotaka klachi nililisukuma goti; nilipotaka aachie, niliinua kiganja. "Sasa," nilimnong'oneza. "Polepole. Sasa." Gia ya kwanza, ya pili, hatukupita hapo. Usukani aliushika mwenyewe, kwa viganja badala ya vidole, na njia ile ya mabonde aliijua kama kiganja hichohicho. Mtu wa nje angeona tu dereva aliyestarehe na abiria aliyemkaribia kidogo zaidi ya inavyofaa. Tulipoingia kwenye boma alipiga honi ndefu, watoto wakakimbia, mbwa wakabweka, na mama yetu akatoka jikoni na unga mikononi. "Ni Wekesa! Mwana wangu anaendesha!"

Hayo aliyapata. Sasa ikabaki kushuka, na hakuweza kushuka. Tulikuwa tumeyafikiria yote isipokuwa hilo. Watu walijaa, naye akabaki amekaa ndani ya pikapu akiwapa mkono kupitia dirishani, mmoja mmoja, akitabasamu. "Mulembe, mulembe." Nilimshika shati kwa nyuma asipinduke. Nilimsikia shangazi yetu mmoja akimwambia jirani, "Ona maringo ya Nairobi. Hata chini hashuki, tumfuate kama mkuu wa wilaya." Kaka naye alisikia. Tabasamu lake halikubadilika, lakini jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kola. Mama alikuja mwisho. Aliuchukua mkono wake akaufinya, akangoja, akaufinya tena. Kisha akatazama chini, akaiona miguu mitupu juu ya vyuma vile. Nilimwona akielewa. Aliwageukia watu akawaambia, "Wageni wangu wamechoka. Wanaume, kamateni kuku. Nyinyi wengine, maji." Na alipowatawanya akarudi dirishani.

"Wekesa," alisema, "gari lako linaweza kufika mpaka mlangoni kwako?"

Nyumba yake, ile isimba aliyojenga akiwa kijana, ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Kati yetu na mlango huo mama alikuwa ameanika mahindi ya mavuno yote, yametandazwa juu ya magunia kutoka ukingo hadi ukingo, pasiwe hata na upenyo wa kuku kupita.

"Mayi, kuna mahindi," kaka alisema.

"Nimeyaona. Ni mimi niliyeyaanika."

"Nitayaponda."

"Pita, mwanangu."

Nikamsukuma goti. Pikapu ikapanda juu ya mahindi, na nikasikia punje zikipasuka chini ya tairi, sauti kama ya mvua inayoanza juu ya mabati. Watu walipiga mayowe kutoka jikoni. Shangazi alishika kichwa akauliza kama Nairobi imemtia wazimu. Mama alitembea mbele yetu akirudi kinyumenyume na mikono yake yenye unga, akimwelekeza kushoto kidogo, kulia kidogo, na usukani ukamtii hadi bampa ikakaribia kugusa ukuta na mlango wake ukawa umbali wa hatua moja. Kaka alifungua mlango wa gari. Akashika fremu kwa mkono mmoja na ukuta wa nyumba yake kwa mwingine, akainua mguu asiouhisi, akautazama ukishuka, akautazama ukifika. Hakuna aliyemshika. Akaingia ndani.

Aliishi humo hadi mvua za mwisho wa mwaka, na alipotoka tulimbeba. Lakini jioni ile mama alifunga ule mlango taratibu, akapiga magoti penye alama za tairi, akaanza kuokota punje nzima na kuzitenga na zile zilizopondwa. Ndipo alipolia. Nilipiga magoti kando yake nikaokota naye, na hatukuinuka hadi kuku alipoiva na kaka akatuita kutoka ndani kuuliza kama atakula peke yake.